Je, wajua kwa nini balbu ya LED ina swichi inayowasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde?

Fungua balbu ya LED iliyokufa (ukiwa umeshaichomoa kwenye soketi, tafadhali). Chini ya vile vidoti vya manjano, ambavyo ndizo LED zenyewe, utakuta kibao kidogo cha saketi chenye koili (waya uliozungushwa), kapasita (kitunza chaji) na chipu. Hicho ndicho kinachozilisha LED.

LED moja nyeupe huhitaji takriban volti 3 za DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Umeme wa ukutani ni AC, unaogeuza mwelekeo kila mara, volti 230 au, kwa nchi kama Marekani, 120. Tena LED ni nyepesi kuudhika: ongeza nusu volti tu na mkondo unaweza kuruka mara kadhaa. Ikipata moto, inavuta mkondo zaidi kwa volti zilezile. Kwa hiyo cha kudhibiti ni mkondo, wala si volti.

Rezista, kipande kinachoupinga mkondo, ingeweza kuuzuia, lakini kwa hasara. Ukiwasha LED moja kwa chanzo cha volti 12, volti 9 zinabaki kwenye rezista, yaani robo tatu ya umeme inaishia kuwa joto.

Kibao hicho kinafanya ujanja mwingine. Daiodi nne (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) hugeuza AC kuwa DC, kapasita inausawazisha umeme huo, kisha transista, ambayo ndiyo ile swichi, inaanza kufungua na kukata njia, mara nyingi makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Njia ikiwa wazi, mkondo unapanda polepole ndani ya koili. Ikikatwa, koili, ambayo haikubali mkondo ubadilike ghafla, inaendelea kuusukuma kupitia LED. Chipu inaupima mkondo huo kila mara na kurefusha au kufupisha muda wa kufungua.

Transista yenyewe haipati moto sana. Ikiwa wazi inapitisha mkondo bila kubeba volti za maana. Ikikata inabeba volti bila mkondo. Joto linataka vyote viwili kwa pamoja. Na kwa kasi hiyo, koili ya ukubwa wa punje ya mahindi inatosha.

Kinachochoka mara nyingi ni kapasita. Maji yake ya ndani hukaushwa na joto, na ukiangalia kichwa chake wakati mwingine utakikuta kimevimba huku LED zenyewe zikiwa nzima. Ndiyo maana balbu iliyofungiwa ndani ya globu iliyozibwa hufa mapema kuliko mwenzake inayoning'inia wazi.