Eti bila pikipiki ya cc 1000 hushindi mbio ndefu?

Hii imani ipo miaka mingi, na chanzo chake ni mbio za pikipiki za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa, pale kweli cc 1000 zinatamba, ila wale wana mafundi wanaobadili tairi kwa sekunde chache. Nyie wa ridhaa mko wanne na jeki moja. Dude kubwa linakunywa mafuta balaa, linamaliza tairi la nyuma, mnasimama kila saa na mizunguko inapotea hapo hapo. Kawasaki Ninja 400 ina kama kilo 168 tu, mikono haichoki haraka na ukianguka (utaanguka tu) hasara sio kubwa sana. Mi ningechukua hiyo, hata mtumba, hela inayobaki tairi na breki pedi.