Uendelezaji upya wa uwanja si ukarabati, na paking haijaibiwa

Klabu ikishatoa tu michoro ya uwanja wake, ile ya kompyuta ambamo jua halizami na mashabiki wote wamevaa jezi mpya, hatukosi mtu wa kuuliza: "Ukarabati gani huu unaoondoa paking yetu?" Mwenzake anamjibu kwamba ukarabati lazima uongeze viti. Wa tatu anaapa kwamba eneo limeuzwa kimyakimya kwa wajenzi wa ghorofa. Baada ya hapo ni kejeli na kukumbushana makombe. Kinachonikera si ugomvi wenyewe, maana shabiki asiyegombana ni mtazamaji tu. Kinachonikera ni kwamba wote watatu wanaliita ukarabati jambo ambalo si ukarabati, na kwa sababu hiyo hakuna hata mmoja anayeweza kumjibu mwenzake.

Jambo lenyewe ni uendelezaji upya. Maana yake ni kubadilisha matumizi, ukubwa au mpangilio wa ardhi iliyokwisha kujengwa. Ni hilo tu. Angalia kwamba neno uwanja halimo kwenye maana hiyo. Kinachoendelezwa upya ni ardhi, na uwanja ni moja tu ya vitu vinavyosimama juu yake. Vingine ni barabara, nyumba za watu, duka la jezi, njia ya watembea kwa miguu, na ule uwazi wa lami ambao siku ya mechi unajaa magari na siku nyingine hauna hata paka.

Ukarabati ni habari nyingine kabisa. Viti vimepauka, vinabadilishwa. Paa linavuja, linazibwa. Taa za zamani zinatolewa, vyoo vinaongezewa mabomba, nyasi zinang'olewa na kupandwa upya. Kazi ikiisha, chukua ramani ya mtaa uilinganishe na ya mwaka uliotangulia: hutaona tofauti. Hicho ndicho kipimo changu, na sijaona kikikosea. Ramani isipobadilika, ni ukarabati. Ikibadilika, usiite ukarabati hata kama msemaji wa klabu ameita hivyo. Na wasemaji wa klabu hupenda kuita hivyo, kwa sababu neno ukarabati halimtishi jirani.

Kati ya hayo mawili kuna upanuzi, na hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Chukua Anfield, uwanja wa Liverpool. Jukwaa Kuu lilifunguliwa mwaka 2016 likiwa limeongezewa viti takriban 8,500. Baadaye likaja jukwaa la Anfield Road na viti vingine 7,000, na uwanja ukafika watu 61,000 hivi. Anayetazama kwenye televisheni anaona jukwaa limepanda juu, anasema Vijogoo (ndio hao Liverpool) wamekarabati. Lakini jukwaa haliwezi kupanda bila kurudi nyuma, na nyuma ya lile Jukwaa Kuu kulikuwa na mitaa ya watu. Nyumba za Lothair Road na mitaa ya jirani zilikuwa zimeanza kununuliwa miaka mingi kabla, zikakaa tupu, madirisha yamezibwa, mpaka zikabomolewa kupisha upanuzi. Kwa waliobaki wakiishi katikati ya nyumba tupu, lile halikuwa suala la viti. Mtaa wao ulikuwa umeanza kuendelezwa upya tangu siku nyumba ya kwanza ilipofungwa, wakati mashabiki hawajaona hata mchoro. Upanuzi, basi, ni jina la kile kinachotokea kwenye jukwaa, na uendelezaji upya ni jina la kile kinachotokea kwenye mtaa. Mradi mmoja unaweza kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, kutegemea umesimama upande gani wa ukuta.

Tottenham nao walibomoa uwanja wao wa White Hart Lane mwaka 2017, wakahamia Wembley, uwanja wa taifa wa England, kwa muda, wakarudi Aprili 2019 kwenye uwanja wa watu 62,850 uliokalia sehemu kubwa ya kiwanja kilekile. Wa zamani ulibeba watu 36,000 hivi. Hapa angalau hakuna anayesema ukarabati. Wengi husema "wamehama", jambo ambalo ni kosa la upande wa pili: hawakuhama, ardhi imebaki palepale ila imepangwa upya, na ndani ya mpango wake mna duka kubwa la vyakula na nafasi ya nyumba na hoteli.

Waliohama ni Arsenal. Mwaka 2006 walitoka Highbury, walikocheza tangu 1913, wakaenda umbali wa kutembea tu hadi Emirates, uwanja wao mpya. Na Highbury? Hiyo ndiyo iliyoendelezwa upya. Ikawa makazi: kuta za mbele za majukwaa ya mashariki na magharibi zikaachwa zisimame, ndani yake zikajengwa nyumba, na pale palipokuwa uwanja wa kuchezea pakawa bustani. Ukitaka mfano mmoja wa kumnyamazisha anayedhani uendelezaji upya wa uwanja lazima umalizikie kwenye uwanja, mpe huo. Ulikuwa uendelezaji upya kamili, na mpira haukubaki.

Everton wanachanganya zaidi. Nimesoma mara kadhaa kwamba "wameendeleza upya Goodison". Sivyo. Goodison Park, uliofunguliwa mwaka 1892, uliachiwa timu ya wanawake ya klabu. Kilichoendelezwa upya ni gati la Bramley-Moore, kando ya mto Mersey, ambako uwanja wa watu karibu 53,000 ulipokea mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu Agosti 2025. Kubadilisha gati la meli kuwa uwanja wa mpira si jambo dogo: UNESCO ilipoiondoa Liverpool kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021, mradi huo ulikuwa miongoni mwa sababu. Viti vipya na rangi mpya haviwezi kumfanya mtu wa urithi wa dunia ainue kichwa. Mabadiliko ya ardhi yanaweza.

Sasa turudi kwenye paking, ambayo ndiyo iliyoanzisha kelele zote.

Watu hushangaa kwa nini maegesho ndiyo huwa ya kwanza kuondoka. Yangebaki kama kazi ingekuwa ukarabati. Lakini ukishaingia kwenye uendelezaji upya, kila mita ya mraba inaulizwa inafanya nini, na lami ya kuegesha ina jibu baya kuliko vyote. Gari moja huhitaji kisanduku cha mita 2.4 kwa 4.8. Ongeza njia ya kupita na nafasi ya kugeuza, na kila gari linakula takriban mita 25 za mraba. Tuseme uwanja una watu 60,000, na theluthi yao tu ndiyo inakuja na magari, kila gari watu wawili na nusu kwa wastani. Hayo ni magari 8,000. Zidisha: mita za mraba 200,000. Uwanja wa kuchezea wenye mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Kwa hiyo ili kuegesha hiyo theluthi moja, unahitaji eneo la viwanja 28 vya mpira pembeni ya kile kimoja mnachokuja kukitazama, nalo litatumika kwa saa nne hivi kila baada ya wiki mbili. Katikati ya jiji hakuna anayeweza kuiweka ardhi hivyo. Dodger Stadium ya Los Angeles ina takriban nafasi 16,000 za magari, lakini ule ni uwanja wa besiboli wenye mechi 81 za nyumbani kwa msimu, juu ya vilima ambavyo familia zilizokuwa zikiishi huko ziliondolewa kwanza. Ligi ya mpira haina mechi 81 za nyumbani.

Kuna watakaosema: basi chimbeni chini. Real Madrid walijaribu. Pamoja na kuubadilisha Bernabéu, uwanja wao, ulipangwa ujenzi wa maegesho mawili chini ya ardhi nje ya uwanja, na halmashauri ya jiji ikaipa klabu kibali cha kuyajenga na kuyaendesha. Majirani wakaenda mahakamani. Septemba 2024 jaji akaufuta mkataba ule, kwa hoja ambayo ningependa kila shabiki aisome: maslahi ya umma hayakuonekana, yaliyoonekana ni ya klabu. Uwanja wao haukuguswa na hukumu hiyo. Kilichoguswa ni barabara, na ardhi ya chini ya barabara si mali ya klabu hata kama nembo yake inaonekana kutoka hapo.

Hapo ndipo kuna mchanganyo wa pili, mdogo ila mkaidi. Paking ya uwanja na maegesho ya mtaa ni vitu viwili. Ya kwanza ni ya klabu: inaweza kuiuza, kuijengea, au kuipa wageni wa vyumba vya kifahari. Ya pili ni ya mamlaka ya mji, na wewe uliyekuwa ukiegesha mbele ya geti la mtu kwa miaka kumi na mitano ulikuwa unavumiliwa tu. Karibu na Emirates na Wembley, siku ya mechi mitaa ya jirani hufungiwa wakazi wenye vibali. Kwa uwanja mpya wa Everton, halmashauri ya Liverpool iliweka eneo la aina hiyo linalofika hadi kama nusu saa ya kutembea kutoka uwanjani, na wenye biashara za karibu wakapiga kelele kwamba wateja wao wanafukuzwa pamoja na mashabiki. Wana hoja. Lakini mashabiki walioielekezea klabu hasira za faini za kuegesha humo bila kibali walikosea anwani: faini ya barabarani inaingia halmashauri.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeandika kwamba ukarabati umeondoa paking yetu, sentensi yako ina maneno mawili ya kurekebisha. La kwanza ni ukarabati, na hilo nimeshalisemea vya kutosha. La pili ni yetu.

Ukilirekebisha la kwanza, malalamiko yako hayapungui, bali yanapata mahali pa kwenda. Ukarabati ni uamuzi wa ndani wa klabu, na kwenye hilo unaweza kulia tu. Uendelezaji upya kwa kawaida hauendi bila kibali cha uendelezaji. Kwa mradi mkubwa namna hii, ombi la kibali huambatana na maelezo ya usafiri: watu wangapi watakuja kwa treni, wangapi kwa basi, wangapi kwa miguu, magari yataelekezwa wapi. Kwa Uingereza, ombi huwekwa wazi na kuna muda wa mtu yeyote kutoa maoni. Ule ukurasa wa usafiri ndio wa kugombania, kabla haujapitishwa. Wengi hugundua kwamba upo siku wanapokuta bango la "wakazi tu".

Na kama utaandika maoni, usiombe nafasi 8,000 za magari, hazipo. Uliza mambo mawili ambayo klabu hupenda kuyapitia haraka. Mashabiki wenye ulemavu wataegesha wapi, na kutoka hapo mpaka kwenye kiti chao ni mita ngapi? Na mechi ya usiku ikienda hadi penalti, treni ya mwisho itakuwa imeshaondoka au bado?