WRX mpya: maneno ya gerejini na ukweli wake

Hapa Kampala ukitaka kuanzisha ugomvi bila kumtukana mtu, simama kando ya Subaru ya zamani useme WRX mpya, ile Subaru ya mwendo kasi, ni gari zuri. Nilifanya hivyo gerejini Ndeeba tukisubiri chai, na chai ikapoa. Mimi mwenyewe ni mtu wa Subaru Legacy ya 1999, kwa hiyo uchungu wao naujua. Lakini uchungu ni kitu kimoja, na gari lililozinduliwa Septemba 2021 ni kitu kingine.

"Injini imekuwa kubwa, nguvu ziko palepale."

Hesabu yao ni sahihi. Kwa soko la Marekani, WRX iliyotangulia ilikuwa na injini ya lita 2.0 na nguvu za farasi 268. Hii ina lita 2.4 na farasi 271. Torki, yaani nguvu ya kuzungusha, haikusogea hata kidogo, ni Nm 350 zilezile. Mzee mmoja akacheka: hao farasi watatu wamekuja kula majani tu.

Kosa liko kwenye kudhani kwamba injini iliongezwa ukubwa ili kutafuta namba. Turbo hungoja moshi wa kutosha ndipo ipulize, na wakati inangoja gari hutegemea ukubwa wa injini peke yake. Lita 2.4 zinavuta pale ambapo lita 2.0 bado zinajikusanya. Sasa niambie, mjini hapa unaendesha wapi? Foleni ya Clock Tower, gia ya kwanza na ya pili, boda wanne mbele yako. Barabara ya Entebbe Expressway yenyewe, kilomita zake 51 zote, kikomo ni kilomita 100 kwa saa. Farasi wa kule juu kabisa ya mizunguko utakutana nao mara chache sana, na huenda ukakutana nao pamoja na trafiki.

Halafu kuna hewa. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kwa kiwango hichohicho. Yenye turbo huifidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kusukuma hewa zaidi. Wanaosema turbo ni ya mbwembwe tu wapande Kabale na gari lisilo nayo.

"Plastiki nyeusi juu ya matairi ni ubahili."

Kampuni ilieleza kuwa yale maumbo ya sega la nyuki kwenye plastiki yanasaidia hewa kupita vizuri. Sawa. Kwangu bado ni mbaya machoni, kana kwamba gari limeazima viatu vya kaka yake. Ila kwenye barabara ya maramu, mawe yakirushwa na lori, afadhali yakwaruze plastiki kuliko rangi.

"Otomatiki yake ni CVT, itakufa kabla ya Krismasi."

Hapa ndipo sauti zilipopanda. CVT haina gia za meno za kupanda moja baada ya nyingine. Ina puli mbili zinazojipanua na kujibana, na katikati, kwa Subaru, kuna mnyororo wa chuma. Mnyororo huo unahitaji oili yake maalumu ili ushike puli bila kuteleza. Jirani yangu alikuwa na gari la CVT, si Subaru. Fundi wake akamwagia oili ya gia otomatiki za kawaida kwa sababu "zote nyekundu". Haikumaliza miezi mitatu. Lawama ikabebeshwa CVT.

Jambo ambalo wapenzi wa gia za mkono hawapendi kulisikia ni hili: WRX yenye gia za mkono hugawa nguvu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, lakini yenye CVT ina mfumo mwingine unaopeleka asilimia 55 nyuma katika hali ya kawaida. Kwa hiyo lile gari wanaloliita la kina mama wa soko ndilo linaloelemea nyuma zaidi. Mimi bado ningechagua klachi, kwa raha ya mguu wangu tu.

"Bila STI si Subaru halisi."

STI ni WRX iliyoongezwa makali, na ni kweli kwamba Machi 2022 kampuni ilisema haitatengeneza STI ya petroli juu ya msingi wa gari hili. Iliniuma. Ila WRX ilitoka 1992, na STI ikafuata 1994. Na lile gari la buluu lililompa Colin McRae ubingwa wa dunia wa mbio za rali 1995 liliundwa na kampuni ya Prodrive, Banbury, Uingereza. Hakuna aliyewahi kulinunua dukani, hata kama rafiki yako ana stika zake zote.

"Subaru zote huchoma gasketi ya hedi."

Sifa hiyo ililetwa hasa na EJ25, injini za zamani za Subaru za lita 2.5, zile zisizo na turbo. Injini ya WRX mpya ni ya ukoo wa FA, mwingine kabisa, na camshafti zake, zile zinazofungua vali, zinazungushwa na mnyororo badala ya mkanda. Yatosha.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja gerejini ndilo lenye uzito kwetu. Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, kwa hiyo zile Subaru Impreza za miaka ya tisini tunazozililia haziingii tena. Zilizopo ndizo hizo tunazouziana. Hii mpya nayo, ilipoanza kuuzwa Japani, iliuzwa kwa jina la WRX S4, kwa CVT tu. Ya usukani wa kulia yenye gia za mkono ilipelekwa kwingine, kama Australia. Ukiikuta ya mwaka 2022 yenye klachi kwenye bondi, yadi ya magari yaliyoingizwa, muulize muuzaji imetoka nchi gani kabla hujauliza bei.