PF3 si ya kutunza kabatini

Wiki iliyopita mama mmoja alikuja ofisini kwetu, akafungua pindo la kanga na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne, fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeraha. "PF3 yangu hii hapa, nimeitunza." Nikaikunjua. Sehemu ya polisi ilikuwa imejazwa vizuri: jina, tarehe, mhuri. Sehemu ya daktari ilikuwa tupu. Siku 11 zilikuwa zimepita tangu apigwe. Doa la chini ya jicho, ambalo mdogo wake alilipiga picha likiwa la zambarau, lilikuwa limebaki umanjano hafifu; usipoambiwa huuoni.

Ni wa nne mwezi huu. Inaniuma kuona jeraha linapona huku karatasi imelala kabatini, ndiyo maana nawaandikia akina mama wanaopigwa nyumbani.

Wengi huniambia: "Nina PF3, kwa hiyo ushahidi ninao." Huna bado. PF3 ni fomu ambayo kwayo polisi wanamwomba daktari akuchunguze na kuandika alichokiona: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, ni la tangu lini, limetokana na kitu cha aina gani. Daktari asipoandika, kusaini na kugonga mhuri, hakuna kitu pale. Na akishajaza, fomu hairudi nyumbani. Inarudi kituoni kwa mpelelezi ikaingizwe kwenye jalada, kwa sababu mahakamani kinachofika ni kile kilichomo kwenye jalada.

Ukifika kituoni, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Taarifa yako itaandikwa kitabuni nawe utapewa namba ya RB pamoja na PF3. Nenda hospitali ya serikali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama watoto hawajala. Jirani atawapa uji. Penye kituo cha Mkono kwa Mkono, kama Hospitali ya Amana jijini Dar es Salaam, daktari, polisi na ustawi wa jamii unawapata hapohapo. Kisha rudisha fomu, toa maelezo, na usiyasaini kabla hujayasoma au kusomewa. Jalada likifunguliwa linapata namba nyingine, ya IR. RB inaonyesha kwamba ulifika na kutoa taarifa. IR inaonyesha kwamba kuna upelelezi. Kila ukifuatilia, ulizia IR.

Jambo moja nawasisitizia wote: kabla hujairudisha PF3, ipige picha pande zote mbili, mtumie dada au shoga unayemwamini, halafu ifute kwenye simu yako. Namba za RB na IR ziandike nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Simu hupekuliwa, simu huvunjwa. Kadi ya kliniki sijawahi kusikia mume ameigusa. Na mwombe daktari aandike jina lake lisomeke, maana mshtakiwa ana haki ya kutaka aitwe mahakamani ahojiwe. Daktari asipojulikana ni nani, kesi inaweza kukwama.

"Bila PF3 hospitali hawanitibu." Mgonjwa wa dharura hutibiwa kwanza. Kama unavuja damu au mkono umevunjika, nenda hospitali moja kwa moja, ndugu afuate fomu. Ila usimwambie daktari umeanguka bafuni. Ndicho atakachoandika kwenye faili, na wakili wa mumeo atakusomea mbele ya hakimu.

"PF3 inalipiwa." Ni bure. Ukiombwa hela, omba kumwona mkuu wa kituo.

"Lazima nipitie kwa mjumbe," au "sina cheti cha ndoa." Huhitaji kimojawapo. Kosa ni kukupiga, uwe umeolewa au hukuolewa. Na aliyeolewa ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, mila iseme isemavyo.

"Nikimsamehe nitaifuta kesi." Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi. Kwa shambulio dogo mahakama inaweza kuruhusu mapatano, lakini anayeruhusu ni hakimu, si kikao cha wakwe sebuleni.

"Alama zimeshafutika, nimechelewa." Umechelewa, ndiyo, lakini nenda. Yule mama tulimsindikiza hospitali siku ileile. Daktari alimbonyeza shavuni, mama akashtuka kwa maumivu, na hilo likaandikwa, pamoja na rangi ya doa na makadirio ya umri wa jeraha. Picha ya mdogo wake ilikabidhiwa kwa mpelelezi, na jirani aliyesikia kelele amekubali kutoa maelezo. Jalada sasa lina namba ya IR, na ameiandika kwenye kadi ya kliniki ya mwanawe wa mwisho.