Majira ya Baridi Mirihini: Dhana Potofu Kuhusu Kuegesha Rova

Watu wengi wakisikia kwamba rova, yaani gari la roboti linalochunguza sayari, imeegeshwa mpaka majira ya baridi ya Mirihi yapite, hudhani imejikunyata mahali kujificha na baridi. Dhana hiyo inawanyima wahandisi sifa wanayostahili. Kazi yao hapo ni hesabu ya mwanga: jua litapita wapi angani, na paneli zinazogeuza mwanga wake kuwa umeme zitalielekea vipi. Mifano mizuri kuliko yote ni Spirit na Opportunity, rova mbili za NASA zilizotua Januari 2004 zikiwa zimepangiwa kazi ya siku 90 za Mirihi. Spirit ilidumu zaidi ya miaka sita, Opportunity zaidi ya kumi na minne. Muda huo hazikuupata kwa bahati tu.

Dhana: Baridi ndiyo inayoua rova

Baridi ipo, tena kali. Hata karibu na ikweta ya Mirihi, usiku unaweza kufika nyuzi 90 za Selsiasi chini ya sifuri. Lakini sehemu nyeti za rova hizi, yaani kompyuta, redio na betri, zilikaa ndani ya sanduku lililokingwa vizuri lisipoteze joto. Humo mlikuwa na vidonge vidogo vinane vya plutoniamu, kila kimoja kikitoa joto la wati moja hivi mchana na usiku. Palipohitajika joto zaidi, hita za umeme ziliwaka zenyewe.

Hita hizo zinakula betri, na betri inategemea paneli. Rova hizi zilipokuwa mpya, paneli zilizalisha takriban wati-saa 900 kwa siku, sawa na kuwasha balbu ya wati 100 kwa saa tisa. Majira ya baridi kiasi hicho kilishuka mno, na vumbi lililotanda juu ya paneli likazidisha upungufu. Rova inapokosa umeme wa kutosha hulala muda mrefu zaidi, huacha kutembea, hupunguza mawasiliano na Dunia. Umeme ukizidi kupungua, hita hazina tena cha kutumia, na hapo ndipo baridi inapopata nafasi. Kwa hiyo swali la kila siku kwa waliokuwa wakiziendesha kutoka Pasadena, Marekani, halikuwa "leo kuna baridi kiasi gani?" bali "leo tumevuna wati-saa ngapi?"

Dhana: Majira ya baridi ya Mirihi ni kama ya Dunia, ila makali zaidi

Mwaka wa Mirihi una siku 687 za Dunia, kwa hiyo kila majira ni marefu. Isitoshe, njia yake kulizunguka Jua imevutika: sehemu ya karibu iko kilomita milioni 207 hivi kutoka kwenye Jua, ya mbali kilomita milioni 249. Kizio cha kusini huingia majira ya baridi sayari ikiwa karibu na sehemu ile ya mbali. Rova iliyo kusini inapata hasara mara mbili: jua limeinama angani, na mwanga wenyewe umepungua. Spirit ilitua katika kreta ya Gusev, digrii 14 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Opportunity ilitua Meridiani Planum, digrii 2 tu kusini, na ndiyo maana miaka ya mwanzo haikuhangaika sana kutafuta miteremko.

Dhana: Wangeipeleka tu kwenye ikweta

Digrii moja ya latitudo Mirihini ni kilomita 59 hivi. Kutoka Gusev hadi ikweta ni zaidi ya kilomita 850. Spirit, katika maisha yake yote, ilitembea kilomita 7.7.

Dhana: Paneli ziligeuzwa kulifuata jua

Hii nataka niikalie, maana ndiyo kiini cha jambo lote. Paneli za Spirit na Opportunity zilikuwa zimetandazwa juu ya mgongo wa rova na kufungwa hapo. Baada ya kutua hazikuweza kuinuliwa wala kugeuzwa. Njia pekee ya kuzielekeza kwenye jua ilikuwa kuinamisha rova nzima, na rova haiinami isipokuwa ardhi imeinama. Ndipo mteremko ukawa sehemu ya mfumo wa umeme.

Chukua hali ya Gusev katikati ya majira ya baridi. Mhimili wa Mirihi umeinama digrii 25 hivi, kwa hiyo wakati huo jua la mchana liko upande wa kaskazini, likifikia urefu wa digrii 50 tu kutoka upeo wa macho. Paneli iliyolala bapa hapo hupata takriban asilimia 77 ya mwanga wa moja kwa moja ambao ingepata kama ingelitazama jua uso kwa uso. Iinamishe digrii 11 kuelekea kaskazini, unafika asilimia 88. Iinamishe digrii 30, unafika 98. Hesabu hii ni ya saa sita mchana tu, na sehemu ya mwanga hutawanywa na vumbi la angani. Hata hivyo inaonyesha kwa nini watu walikuwa tayari kuhangaika wiki nzima kwa ajili ya digrii chache.

Kuhangaika kwenyewe kulikuwa hivi. Rova hupiga picha za jozi, kama macho mawili, na kompyuta huzigeuza kuwa ramani inayoonyesha kila kipande cha ardhi kimeinama kiasi gani na kuelekea wapi. Waendeshaji hutafuta vipande vinavyotazama kaskazini, kisha huiongoza rova kutoka kipande kimoja hadi kingine, ili kila inaposimama paneli ziwe zinalielekea jua. Mteremko ukizidi ukali, magurudumu huteleza. Mchanga ukiwa laini, rova inaweza isitoke tena. Zilibuniwa zistahimili kuinama digrii 45 bila kupinduka, lakini kwa kawaida programu ziliziwekea mpaka wa 30.

Mwaka 2006 Spirit ilikuwa njiani kuelekea kilima cha McCool, chenye miteremko mizuri, gurudumu lake la mbele la kulia lilipokufa mwezi Machi. Ikabidi itembee kinyumenyume ikiliburuta. Kilima hakikupandika tena, na siku zilikuwa zinakwisha. Wakaigeuza kuelekea tuta dogo lililoitwa Low Ridge, ikapata mwinamo wa digrii 11 hivi, nayo ikavuka salama. Majira yaliyofuata, mwaka 2008, wakaishusha taratibu kwenye ukingo wa kaskazini wa uwanda ulioinuka uitwao Home Plate hadi ikainama karibu digrii 30. Binafsi naona kuegesha huko ni ufundi mkubwa kuliko safari nyingi ndefu zilizosifiwa zaidi, ukikumbuka kwamba rova ilikuwa na magurudumu matano yanayofanya kazi na waendeshaji wake wako sayari nyingine.

Dhana: Daima rova hutazama kaskazini

Hapana. Inategemea iko kizio gani. Zhurong, rova ya China, ilitua Mei 2021 huko Utopia Planitia, digrii 25 kaskazini, ambako jua la majira ya baridi huwa upande wa kusini. Iliwekwa katika hali ya kulala Mei 2022, ikitarajiwa kuamka mwishoni mwa mwaka huo. Haikuamka. Aprili 2023 mbunifu mkuu wa mradi, Zhang Rongqiao, alisema huenda vumbi lilijaa kwenye paneli kupita walivyotarajia.

Dhana: Rova iliyoegeshwa inapoteza muda

Ikiwa Low Ridge, Spirit ilipiga zaidi ya picha 1,400 zilizounganishwa kuwa mandhari moja ya pande zote, iliyopewa jina McMurdo. Picha nyingi kiasi hicho, zenye mwanga unaolingana, hazipatikani kwa chombo kilicho mwendoni. Opportunity nayo, ilipoegeshwa mahali palipoitwa Greeley Haven mapema 2012 kwa mwinamo wa digrii 15 hivi, ilitumika kupima mawimbi ya redio kati yake na Dunia ili kufuatilia jinsi mhimili wa Mirihi unavyoyumba, jambo linalotoa dokezo kuhusu kiini cha sayari. Kipimo hicho kinataka chombo kisisogee kwa miezi.

Dhana: Zote mbili ziliuawa na majira ya baridi

Kwa Spirit, inaelekea ndivyo. Mwaka 2009 ilinasa kwenye mchanga laini mahali palipoitwa Troy, ikiwa imeinamia kusini, yaani upande usiofaa. Wakajaribu kwa miezi kuinasua, na hata kupunguza ule mwinamo, lakini gurudumu la pili likasimama. Mawasiliano ya mwisho yalikuwa Machi 22, 2010, ilhali katikati ya majira ya baridi kulikuwa bado hakujafika, hadi Mei. NASA iliendelea kuiita zaidi ya mwaka mmoja, hadi Mei 2011.

Opportunity ni habari nyingine kabisa. Ilikwishamaliza majira yake ya nane ya baridi, na majira ya kuchipua yalikuwa yameanza, dhoruba ya vumbi ilipoifunika sayari nzima. Juni 10, 2018, siku ya ujumbe wake wa mwisho, paneli zilizalisha wati-saa 22 tu. Mbingu ikiwa giza namna hiyo, hakuna mteremko unaosaidia.

Dhana: Rova za nyuklia haziguswi na majira ya baridi

Curiosity na Perseverance, rova mpya zaidi za NASA, zinapata umeme kutokana na joto la plutoniamu, kwa hiyo hazihitaji kutafuta mteremko wala kuogopa vumbi kwenye paneli. Bado kila gurudumu na kila kiungo cha mkono lazima kipashwe joto kabla ya kutumika, na katika miezi ya baridi kazi hiyo huchukua umeme na muda zaidi, kwa hiyo yanayofanyika kwa siku hupungua. Helikopta Ingenuity, iliyokwenda pamoja na Perseverance lakini ikitegemea paneli yake ndogo, ilipoteza mawasiliano kwa muda mfupi Mei 2022, majira ya baridi ya kreta ya Jezero, ilikokuwa, yakikaribia, baada ya vumbi angani kupunguza chaji ya betri. Ilirudi hewani, lakini kuanzia hapo hita zake hazikuachwa ziwake usiku kucha kama awali, na vifaa vyake vya ndani vikaanza kupitia baridi kali kuliko vilivyokusudiwa.