Nyama isiyo na mabaki ya dawa bado inaweza kubeba bakteria sugu

Nikitaja kwamba kazi yangu ni kupima nyama mbichi inayouzwa sokoni, huulizwa: "Kwa hiyo tunakula dawa?" Mara nyingi sivyo. Mfugaji akizingatia muda wa kusubiri, yaani siku zinazopaswa kupita kati ya dozi ya mwisho ya kiuavijasumu (dawa ya kuua bakteria) na kuchinja, dawa huwa imeshuka hadi kiwango kinachokubalika.

Bakteria walionusurika dozi ile ni suala jingine kabisa. Wamebaki utumboni wakizaliana, na machinjioni utumbo ukitobolewa huhamia kwenye nyama. Kipimo cha mabaki ya dawa hakiwaoni. Nikiotesha sampuli hiyohiyo maabara, naweza kuwakuta E. coli, bakteria wa utumboni, wamestawi hadi ukingoni mwa kikaratasi chenye dawa, kana kwamba hakipo.

Wengi wa E. coli hao hawamuumizi mtu. Ninachokihofia ni plasmidi, kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwingine, hata wa aina tofauti. Kikibeba jeni za usugu, bakteria mpole anaweza kumwachia silaha hiyo yule anayeua. Mwaka 2015 watafiti nchini China waliripoti jeni ya mcr-1 iliyobebwa na plasmidi. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama mbichi na kwa wagonjwa. Jeni hiyo huleta usugu dhidi ya kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba kwa maambukizi yaliyoshinda dawa nyingine. Wakati huohuo, dawa hiyo ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha mifugo ili inenepe! China ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 2017. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshazuia viuavijasumu vya kunenepesha mifugo tangu 2006.

Jikoni, usugu wa dawa hauwapi bakteria ubavu wa kuhimili moto: nyama ikifika nyuzi 70 za Selsiasi hadi katikati, hufa kama wenzao. Friza huwapumzisha tu. Kwa hiyo angalia zaidi kinachotokea kabla ya kupika: kuku anayeoshwa bombani akirusha matone hadi kwenye vyombo safi, au ubao uliokatiwa nyama kisha ukakatiwa mboga za kuliwa mbichi. Tenga ubao wa nyama, na osha mikono kwa sabuni kabla hujashika kitu kingine.

Kwa wakaguzi, ombi langu ni moja: anayepima mabaki ya dawa aoteshe na bakteria pia.