Stelingi hafi? Dhana potofu kuhusu picha za karate za kuchekesha

Ukikaa kwenye banda lolote la video Kigoma, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji, ubishi wa picha za karate huwa na kambi mbili. Ya kwanza inaapa kwamba kila kinachoonekana ni cha kweli: ngumi, kioo, ghorofa. Ya pili inacheka na kusema "hizo ni kamera tu". Na mtafsiri akishapaza sauti juu ya mkanda, awe Lufufu wa enzi zile au DJ Afro wa Kenya, hakuna anayemsikiliza mwenzake tena. Kambi zote mbili zinapita pembeni ya kazi yenyewe, ambayo ni kazi ya vipimo: sentimita, fremu (picha moja moja zinazounda mkanda) na maboksi.

"Hawa walifunzwa Shaolin, ni mabingwa wa vita"

Waliotengeneza ladha hii tunayoipenda walitoka kwenye opera, yaani michezo ya jukwaani ya Kichina yenye kuimba na sarakasi. Jackie Chan, aliyezaliwa Hong Kong mwaka 1954, alipelekwa na wazazi wake akiwa mtoto kwenye shule ya opera ya Peking iliyoongozwa na mwalimu Yu Jim-yuen hapo hapo Hong Kong. Alikaa huko miaka kama 10. Sammo Hung, Yuen Biao na Yuen Wah walipita mikononi mwa mwalimu huyo huyo. Walifundishwa kuimba, kupaka uso rangi, kupasua msamba, kupiga samasoti, kucheza na mkuki na fimbo, na kula bakora walipokosea. Wanafunzi wengi walichukua jina la jukwaani la Yuen kutokana na jina la mwalimu, ndiyo maana watu hudhani akina Yuen wote ni ndugu wa tumbo moja.

Opera hiyo inapiganwa kwa ngoma na matoazi. Mchezaji hupiga mara tatu au nne, husimama kama sanamu kwa nukta moja, kisha huendelea. Zima sauti ya picha yoyote nzuri ya akina Sammo, upige makofi kufuata mapigo ya mikono yao. Utakuta makofi yako yanaangukia kwenye mdundo.

"Stelingi anafanya kila kitu mwenyewe"

Wengine hufanya mengi, hakuna anayefanya yote. Samasoti za Bruce Lee kwenye picha yake kubwa ya 1973, ile ya mashindano kisiwani, zilirukwa na Yuen Wah, ambaye wengi hapa wanamjua kama baba mwenye nyumba kwenye Kung Fu Hustle ya 2004. Bruce Lee alikuwa mpiganaji. Sarakasi zilikuwa fani ya mwenzake. Hakuna aibu yoyote hapo.

"Ngumi inampata kweli, ndiyo maana inalia"

Mlio kwanza. Picha nyingi za zamani za Hong Kong zilipigwa bila kurekodi sauti, kisha maneno na milio vikaingizwa studio. Mfupa unaosikika ukivunjika mara nyingi ni mboga. Mtu anayerekodi vichekesho kwa simu pale Kibirizi anaweza kupata mlio huo huo kwa kuvunja muhogo mbichi karibu na kinasa sauti, na mlio wa ngumi kwa kuchapa godoro kwa taulo lililoloweshwa na kukamuliwa.

Ngumi ya usoni hupita mbele ya uso kwa sentimita 20 hadi 30. Kamera huwekwa nyuma ya bega la mmoja wao, ili ngumi na shavu viwe kwenye mstari mmoja na nafasi iliyopo isionekane. Ndiyo sababu ngumi za kuzunguka ni nyingi kuliko za kunyoosha: ya kuzunguka hukata mbele ya lenzi yote, ya kunyoosha ukiitazama kwa pembeni inaonyesha wazi kwamba imeishia njiani. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kamera kukaa ubavuni. La pili ni mpigwaji kuwahi. Utaratibu ni huu: wawili wanatazamana machoni, mpigaji anavuta mkono nyuma waziwazi kama ishara, anarusha, na mpigwaji anasubiri hadi ngumi ifike mbele ya pua yake ndipo kichwa kinageuka kuelekea ngumi inakokwenda. Akigeuka mapema, banda zima linacheka pasipotakiwa.

Mateke ya kifuani ni habari nyingine. Hayo mara nyingi hugusa kweli, kwa wayo mzima unaosukuma badala ya kisigino kinachochoma, na chini ya shati kuna kinga ya sponji nene. Nguo hupakwa unga au vumbi ili teke likifika, wingu litoke na jicho liamini. Kisha mhariri hurudia pigo: teke linatua kwenye picha ya mbali, na picha ya karibu inaanza fremu chache nyuma, kwa hiyo unaliona likitua mara mbili bila kujua kwa nini limekuwa zito.

"Wanakimbiza mkanda tu"

Kiasi, ndiyo. Sinema huonyeshwa fremu 24 kwa sekunde. Ukipiga kwa fremu 22 na kuonyesha kwa 24, mwendo unaongezeka kwa karibu asilimia 9: mkono unakuwa mkali bila mtazamaji kushtuka. Ukishuka hadi fremu 20 unaongeza asilimia 20, na hapo watu huanza kutembea kama kuku. Ukitaka kuwashika, usitazame wapiganaji, tazama moshi, maji yanayomwagika na wapita njia. Lakini kukimbiza mkanda hakumfundishi mtu kushika mdundo. Mchezaji mzito aliyekimbizwa anakuwa mzito mwenye haraka.

"Kuchekesha ni kwa ajili ya wasiojua kupigana"

Hapa ndipo tunapobishana zaidi, na hapa ndipo ulipo mvuto wa picha hizi. Stelingi wa kawaida akipiga ngumi ukutani, ukuta unabomoka. Stelingi wa kuchekesha akipiga, anaupuliza mkono wake na kuruka kwa mguu mmoja, na mtazamaji wa Ujiji aliyewahi kujigonga nyundo kidoleni anamwelewa bila tafsiri. Maumivu yake ndiyo yanayotufanya tumshangilie, kwa sababu anaweza kushindwa.

Kazi yake ni ngumu zaidi. Pambano zito linaweza kukatwa vipande vidogo vidogo na kuficha udhaifu. Kichekesho kinahitaji kuonekana kizima: mwili kuanzia kichwa hadi kiatu, ngazi, kiti, adui wa mbele na yule wa nyuma, vyote kwenye picha moja. Ukikata katikati, mtazamaji hajui kiti kilitoka wapi, na kicheko kinakufa. Kwa hiyo mikono 10 au 15 ya kurushiana inapigwa bila kukatwa, na mmoja akikosea wa 14 wanaanza upya. Pambano moja linaweza kula wiki kadhaa. Mizizi yake imevuka hata bahari: Buster Keaton, Mmarekani wa enzi za sinema zisizo na sauti, mwaka 1928 aliangukiwa na ukuta mzima wa nyumba na kubaki amesimama kwa sababu alikuwa ameweka miguu pale ambapo dirisha lililo wazi lingepita. Jackie Chan hajaficha kwamba alijifunza kwake.

Makosa yanayoonyeshwa mwishoni majina yakipita, ambayo wengi hudhani ni maigizo ya ziada, ni vipande halisi vilivyoharibika. Jackie alichukua mtindo huo kutoka kwenye picha ya Marekani aliyoshiriki mwaka 1981.

"Akianguka chini kuna godoro, basi"

Fanya hesabu. Anayeanguka kutoka mita 3 anafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Kwenye godoro la kitandani linalobonyea sentimita 5, mwili unasimamishwa kwa nguvu ya kama mara 60 ya uzito wake. Kwenye rundo la maboksi linalobonyea sentimita 60, nguvu hiyo inashuka hadi kama mara 5 au 6. Siri ni urefu wa safari ya kusimama, siyo ulaini wa kitambaa.

Maboksi yapangwe matupu, makavu, ya ukubwa unaofanana, mdomo ukiwa umefungwa ili hewa ibaki ndani na kutoka polepole yanapopasuka. Tabaka mbili au tatu, juu yake sponji nyembamba, kisha turubai, na kamba kuzunguka rundo lote ili yasisambae. Eneo liwe pana kuliko unavyodhani. Boksi lililokwisha kubonyezwa limekufa, linabadilishwa kabla ya mruko wa pili. Lililolowa mvua halifai kabisa. Na mtu anatua kwa mgongo, kidevu kifuani, mikono imefunguka. Anayetua kwa miguu, magoti yake yanarudi usoni.

Kuna nyakati maboksi hayakutumika. Mwaka 1983 Jackie Chan alianguka kutoka mnara wa saa akipasua vitambaa viwili vya kukingia jua; kila kitambaa kilikula sehemu ya kasi. Mwaka 1985 aliteleza kwenye nguzo iliyozungushiwa taa ndani ya jengo la maduka, na taa zilikuwa zimeunganishwa kwenye umeme wa jengo badala ya umeme mdogo uliokusudiwa. Viganja viliungua.

Ajali iliyokaribia kumuua, mwaka 1986 huko Yugoslavia, ilikuwa mruko mdogo wa kushika tawi la mti. Mara ya kwanza alifanikiwa, akaomba kurudia, tawi likavunjika, kichwa kikakuta jiwe. Fuvu lilipasuka.

"Kioo ni sukari, hakikati"

Sukari, maji na sharubati ya glukosi huchemshwa hadi karibu nyuzi 150, humwagwa kwenye sinia na kuachwa ipoe. Bila glukosi inarudi kuwa chenga na kuwa nyeupe. Kwa hewa yetu ya ziwa wakati wa mvua, kioo hicho hunyonya unyevu na kuanza kunata ndani ya saa chache, hivyo kitengenezwe siku ile ile. Ncha zake bado zinachana ngozi, na sharubati ya nyuzi 150 ikikumwagikia inaganda juu ya mkono huku inaunguza.

"Sisi tuna maji, hatuhitaji maboksi"

Hii ni yetu wenyewe, watu wa ziwani. Kutoka mita 10 unayafikia maji kwa kilomita 50 kwa saa, na ukitua kwa tumbo au mgongo yanaweza kukuumiza vibaya. Kanuni za mashindano ya kupiga mbizi zinataka maji ya kina kisichopungua mita 4.5 chini ya jukwaa la mita 10. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini siyo pale unaporukia. Na tangu maji yalipopanda miaka hii ya 2020, nguzo, kuta na mawe yaliyokuwa nchi kavu sasa yamo chini ya maji. Funga jiwe kwenye kamba yenye fundo kila mita, lishushe sehemu tatu au nne pale unapokusudia kutua, kisha mtu azame akapapase chini kwa mikono kabla ya wa kwanza kuruka.